MREJESHO: Mdogo wangu na Kiingereza cha kutendwa

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliomba msaada kuhusu mdogo wangu wa kidato cha pili, aliyekwama kwenye kauli ya kutendwa na usemi wa taarifa kwa Kiingereza. Mlinishauri aanzie kwenye Kiswahili chake. Ushauri umefanya kazi.

Kutendwa alikushika haraka. Sisi tunachomeka -w- tu: andika, andikwa. Kiingereza kinahitaji "be", na wakati wa kitenzi unakaa humo: "is written", "was written", "has been written". Kilichomsumbua ni "amefiwa na baba yake". Daftarini aliandika "He was died by his father"! Nikamwonyesha kwamba "die" haibebi shamirisho (yule anayetendwa), hivyo haiwezi kutendwa. Sasa anaandika "His father has died".

Usemi wa taarifa ndio uliotutoa jasho. Kwetu "Alisema anaumwa" inatosha, wakati hausogei. Kwa Kiingereza, "I am sick" ikitanguliwa na "she said" inakuwa "she said she was sick". Jioni nne tulikaa jikoni, mimi nasema, yeye anataarifu, ugali unasongwa. Maswali nayo yana lake: "Where do you live?" inageuka "He asked me where I lived", "do" inaondoka, na alama ya kuuliza pia.

Juzi kapata 17 kati ya 20. Kugeuza "yesterday" kuwa "the day before" bado kunamponyoka, tunaendelea nako. Asanteni sana, kwa kweli mmemwokoa mtoto.