Tupeane uzoefu: ruta zilizogoma kuwa majirani, na neno ulilolikuta kwenye skrini

FundiMnara (Dodoma), mwenye mada

Ndugu wanachama, salaam. Naomba tukusanye hapa visa vya ruta mbili ambazo zimeunganishwa, taa zinawaka, pingi (ujumbe mfupi wa majaribio) inapita, lakini zimekataa kutambuana kama majirani, iwe ni katika OSPF, EIGRP au BGP, yaani lugha ambazo ruta hutumia kupeana taarifa za njia. Sharti langu ni moja: kila atakayesimulia aanze kwa kutaja ujirani wake ulikwama katika hatua gani, yaani lile neno lililokuwa kwenye skrini kabla hajagusa kitu chochote, kwa sababu nimechoshwa na simulizi zinazoanza na kuishia kwenye "nikaizima, nikaiwasha, ikakubali".

Naanza mwenyewe. Neno langu lilikuwa Init. Tawi letu lilikuwa limeunganishwa na makao makuu kwa redio mbili zinazotazamana juu ya minara. Ruta ya tawi ilimwonyesha jirani wake katika Init. Ruta ya makao makuu haikuonyesha jirani yeyote. Saa nzima ya kwanza niliipoteza kwenye ruta ya tawi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikilalamika, ilhali ningelisoma neno hilo kwa utulivu ningejua kwamba tatizo lilikuwa upande wa pili wa safari. Ruta inapoandika Init inasema hivi: salamu zako nimezipata, lakini katika orodha ya majirani unaowataja ndani yake mimi simo. Kwa hiyo tawi lilikuwa linasikia, na makao makuu ndiyo hayakuwa yanasikia.

Pingi ilinidanganya, kwa sababu pingi huelekea kwenye anwani ya kifaa kimoja, wakati salamu za OSPF hutumwa kwenye anwani ya kundi, 224.0.0.5. Redio ya tawi ilikuwa imewekewa kichujio cha kuzuia trafiki ya kundi isitoke, na aliyekiweka alikuwa na nia njema: kamera za ulinzi za pale tawini zilikuwa zinajaza njia. Ili nithibitishe, nilizipanga ruta zote mbili zisalimiane moja kwa moja kwa anwani zao, bila kupitia kundi. Hapo nikapoteza nusu saa nyingine, maana upande mmoja nilisahau kubadili aina ya mtandao, ukabaki unasalimu kila sekunde 10 na kusubiri 40, huku mwenzake ameshahamia 30 na 120. Nyakati hizo zisipolingana, salamu hutupwa kimyakimya. Zilipolingana, ujirani ulikamilika, nami nikapanda kwenda kuondoa kile kichujio.

BaharianiNOC (Mombasa)

Shukrani, mkuu, kwa sharti hilo. Langu lilikuwa Exchange, yaani hatua ya kupelekeana orodha, na ndilo kosa lililonifundisha zaidi kuliko kozi yoyote niliyolipia.

Umeme ulikatika usiku katika kituo chetu kimoja cha bara. Uliporudi, ruta ya pale iliwaka vizuri, lakini ujirani wake wa OSPF na ruta ya Mombasa ulikuwa unapanda hadi Exchange, unakaa hapo dakika mbili hivi, unaanguka, kisha unaanza upya. Kila mtu aliulaumu umeme, na mimi nikiwa wa kwanza. Nilisafiri na ruta ya akiba, nikaifunga, nikaipa mipangilio ileile, ikafanya vilevile. Nikabadilisha moduli ya faiba. Vilevile. Kisha nikafanya jaribio ambalo lilinipoteza kabisa: niliweka ruta ndogo mbili, moja kila upande wa njia ileile, zenye njia tatu tu za kutangaziana, na ujirani wao ulifika Full, yaani ujirani kamili, papo hapo. Nikaandika kwenye ripoti kwamba njia ni nzima.

Njia haikuwa nzima. Wiki tatu kabla ya umeme kukatika, mtoa huduma wa ile njia alikuwa amebadilisha swichi moja ya katikati, na ile mpya haikuruhusu pakiti ya baiti 1500 ipite. Salamu za OSPF ni ndogo, kwa hiyo ujirani uliokuwepo tayari uliendelea kuishi bila kuonyesha dalili yoyote. Umeme ulipokatika, ruta zililazimika kuanza ujirani upya, na kuanza upya maana yake ni kupelekeana orodha ya kila kilichomo katika hazina ya taarifa za mtandao ya kila mmoja. Kila kipengele cha orodha hiyo huchukua baiti 20, hivyo pakiti moja iliyojaa hubeba vipengele takriban 70. Mtandao wetu ulikuwa na mamia. Pakiti iliyojaa ilitumwa, ikapotelea kwenye ile swichi, ikatumwa tena, ikapotea tena, hadi ruta ikakata tamaa. Zile ruta zangu mbili za majaribio zilikuwa na vipengele vichache tu, pakiti zao zikapenya.

Kilichonifumbua macho ni pingi kubwa isiyoruhusiwa kukatwa vipande. Kwenye Linux unaomba baiti 1472, ambazo ukijumlisha 28 za vichwa vya IP na ICMP unapata 1500 kamili. Kwenye ruta za Cisco unaandika 1500 yenyewe, kwa sababu hesabu yake inajumuisha vichwa. Pingi ya kawaida ilijibiwa yote. Ile kubwa haikujibiwa hata moja.

Nitangulize neno kwa wale watakaoleta dawa ya kuiamuru OSPF isijali tofauti ya MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti ambao poti inaruhusu. Amri hiyo huifanya ruta iache kulinganisha namba mbili zilizoandikwa. Kwangu namba zilikuwa sawa pande zote mbili, 1500 kwa 1500. Kibaya kilikuwa katikati, mahali ambapo hakuna ruta yangu. Na hata pale namba zinapotofautiana kweli, amri hiyo hunyamazisha lalamiko na kuliacha shimo wazi.

Kijana_wa_Maabara

Shikamooni wakubwa. Mimi bado najifunza, sina kisa cha kazini. Nimeunganisha ruta tano kwenye swichi moja. Nyingine zimefika Full, lakini kuna zilizobaki 2-Way tangu jana, na nimeshazizima na kuziwasha mara nne. Nakosea wapi?

FundiMnara, mwenye mada

Marahaba. Hujakosea popote, kijana, na hizo mara nne ulikuwa unaitibu ruta isiyoumwa. Katika swichi moja ya pamoja, OSPF huchagua ruta kiongozi na msaidizi wake, na nyingine zote hufikia Full na hao wawili tu. Ruta zako tatu zilizobaki zinatazamana kwa 2-Way, yaani zinasikiana tu, na zitaendelea hivyo daima. Hesabu mwenyewe: kila ruta ingeungana kikamilifu na kila nyingine ungekuwa na ujirani kamili 10, kwa utaratibu huu una 7.

Bi_Kebo (Nairobi)

Langu ni BGP, na neno ni Active. Naliweka hapa hasa kwa ajili ya mameneja wetu. Nilipokuwa nahangaika na ujirani wa ofisi yetu na mtoa huduma mpya, bosi alisimama nyuma yangu, akasoma skrini, akaniambia kwa furaha, "Si imeandika Active? Basi iko hai." Nililazimika kumweleza kwa adabu kwamba katika BGP neno hilo lina maana karibu kinyume chake: ruta yako imejaribu kufungua muunganisho wa TCP kwenye poti ya 179, haijafanikiwa, na inaendelea kujaribu. Iliyo hai huandika Established, au kwenye muhtasari wa Cisco huacha maneno kabisa na kuonyesha idadi ya njia ilizopokea.

Nilikagua anwani, namba za mitandao ya pande zote mbili na sheria za faiawoli. Vyote vilikuwa sawa. Kisha nikasoma logi, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Kwenye ruta yetu logi hutofautisha kati ya pakiti isiyo na sahihi ya MD5 (alama inayotengenezwa kwa nenosiri) na pakiti yenye sahihi isiyolingana. Ya kwanza maana yake mmoja wenu hakuweka nenosiri kabisa. Yangu ilikuwa ya pili: tumeweka sote, lakini hayafanani. Tulisomeana kwa simu herufi kwa herufi, yakafanana. Tukasomeana tena. Hatimaye yule fundi wa upande wa pili akasogeza kishale hadi mwisho wa mstari wake na kukuta nafasi moja tupu baada ya herufi ya mwisho. Alikuwa amelinakili kutoka kwenye ujumbe wa WhatsApp, na ile nafasi ruta iliihesabu kuwa sehemu ya nenosiri. Akaliandika upya kwa mkono, na kabla hatujakata simu tukawa Established.

MzeeWaRaki (Dar es Salaam)

Niongezee upande wa pili wa jambo hilo, Bi Kebo, kwa sababu hata Established ina mipaka yake. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini upande wa Afrika Kusini, intaneti yetu ilidhoofika vibaya sana, na wakati huohuo BGP yangu na mtoa huduma ilikuwa Established bila kutetereka hata sekunde moja. Wakubwa waliniuliza kwa nini skrini yangu ni ya kijani. Ujirani ule ulikuwa kati ya ruta yangu na ruta ya mtoa huduma iliyopo hapahapa mjini, na kati ya hizo mbili hapakuwa na tatizo. Jirani yako kuwa mzima hakukuambii lolote kuhusu barabara inayoanzia nyumbani kwake.

Kisa kingine cha haraka, neno: Full, kisha Down, kisha Full, siku nzima. Fundi alinakili mipangilio ya ruta moja kwenda nyingine pamoja na utambulisho wake wa OSPF, tukawa na ruta mbili zenye jina moja. Logi ilikuwa imeshalisema hilo mara nyingi mno.

TatuBila

Kwa heshima zote, wakubwa, saa nane za usiku na wateja wanapiga simu, mimi nafuta ujirani uanze upya. Mara saba katika kumi hukubali.

FundiMnara, mwenye mada

Ndugu yangu, sikukatazi kuufuta. Nakuomba tu kabla ya kuufuta unakili ile skrini na logi kwenye faili. Ni sekunde 20, na usiku wa pili utakapopigiwa simu tena utakuwa na pa kuanzia. Wewe sasa hivi una tatizo gani?

TatuBila

Ukweli ni kwamba ninalo la wiki hii. Tawi moja, njia ya kukodi, kila nikiufuta ujirani wake unakubali baada ya majaribio mengi, au haukubali kabisa. Skrini husema Exchange.

BaharianiNOC (Mombasa)

Exchange! Mkuu, acha kufuta. Tuma pingi kubwa isiyokatwa, ushuke kidogokidogo hadi ujibiwe, halafu urudi hapa na namba.

TatuBila

Nimerudi. 1472 kimya. 1400 kimya. 1372 inajibu zote, 1373 hakuna hata moja. Ukijumlisha vichwa ni baiti 1400 kamili. Nimemwandikia mtoa huduma nikiwa nimeambatisha matokeo yote mawili, na huku kwangu nimeshusha MTU ya poti zote mbili hadi 1400 wakati nasubiri. Ni dakika 40 sasa, na bado ni Full.