Ushauri: baba alikuwa kwenye ndege za mizigo za jeshi, hataki kurekodiwa

Mtoto wa Bombo:
Salamu kwenu nyote. Baba yangu amepita miaka sabini. Enzi za Amin alikuwa lodimasta, yaani msimamizi wa mizigo ndani ya ndege, pale Entebbe, kwenye ile Hercules ndefu, ndege ya mizigo ya injini nne iliyonunuliwa 1975 na kuandikishwa kama ndege ya kiraia, 5X-UCF. Aprili 1979, Watanzania walipoichukua Entebbe, alielekea kaskazini mpaka Sudani. Tangu arudi hasemi chochote kuhusu kazi ile, labda neno moja la harufu ya mafuta au la kulala juu ya magunia ya kahawa. Sasa kumbukumbu zimeanza kumtoka. Nikiwasha simu nimrekodi, anaifunika kwa kiganja: "Hayo yalikwisha." Wajukuu hawajui hata kwamba aliwahi kuruka. Nifanyeje bila kumvunjia heshima?

Afande Mstaafu:
Pole, mwanangu. Unamwuliza nini? Kama unaanza na "enzi za Amin ilikuwaje", kwa mtu wa umri wake hilo ni swali la polisi. Na kama unaanza na usiku wa tarehe 4 Julai 1976, makomando wa Israeli walipokuja kuokoa mateka pale uwanjani, kila mgeni anayesikia neno Entebbe anauliza huo huo. Nina hakika amechoka.

Mimi nilipakia ndege miaka ya baadaye, kwa hiyo nisikilize. Mwulize kazi. Hercules ile sakafu yake ina pete za kufungia, na kuna minyororo ya kuhimili pauni 10,000 na ya kuhimili pauni 25,000. Mwulize lori alilifungaje. Mzigo unazuiwa kwa nguvu zaidi usisogee mbele, maana rubani akifunga breki ndiko unakotaka kwenda, na huko ndiko waliko wafanyakazi wa ndege. Lodimasta anayeijua kazi yake hakai akasikia jambo hilo likielezwa vibaya. Ikibidi lieleze vibaya makusudi, atakurekebisha!

Halafu mwulize kuhusu mchana. Uwanja wa Entebbe uko karibu mita 1,150 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na jua likipanda inazidi kuwa nyepesi. Injini zinapoteza nguvu. Uzito ulioruka nao alfajiri huenda saa nane usiruke nao, na lodimasta ndiye anayesimama mbele ya mkubwa mwenye haraka kumwambia magunia haya yabaki. Gunia la kahawa ni kilo 60. Magunia 300 ni tani 18, na inabidi uyapange kitovu cha uzito kisikimbilie mkiani. Hesabu hiyo waliifanya kwa penseli. Mpe karatasi na penseli, usimpe simu.

Karani wa Jinja:
Naunga mkono karatasi. Pia mtafutie picha. Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda, pale Kampala, lilionyesha picha za miaka ile kutoka ghala la UBC, shirika la utangazaji la Uganda. Na kurekodi ni mpaka akubali mwenyewe. Usimfiche simu mfukoni, ni baba yako.

Kahawa ya Masaka:
Nimesoma na moyo umenienda mbio. Ndugu, kahawa hiyo ilikuwa yetu. Baridi ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ilipanda dunia nzima, lakini sisi tuliolima hatukuiona. Ndege za Uganda zilikwenda Stansted, Uingereza, zikarudi na wiski na vitu vya anasa vya kuwaridhisha wanajeshi. Huku nyumbani sukari na sabuni tulizipata kwa magendo, na wenye navyo walikuwa mafutamingi, wale matajiri wapya wa enzi ile. Kaka yangu alichukuliwa 1977 mpaka leo hatujamzika.

Simtuhumu baba yako. Lakini mkiandika habari za minyororo na penseli tu, sisi hatumo.

Afande Mstaafu:
Dada, umesema kweli na ninakuheshimu kwa kuisema. Mwanangu, usiliruke hilo. Ila lifuate kwa njia ya mzigo: mlienda na nini, mlirudi na nini, nani alikuja kupokea. Mtu wa mizigo anakumbuka mizigo. Akifika penye uzito atasimama mwenyewe, nawe usimsukume siku hiyo.

Mtoto wa Bombo:
Nimerudi. Nilimpa penseli baada ya chakula cha mchana. Nikamwambia magunia mazito hupangwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Alininyang'anya karatasi! Amechora ndege nzima kwa ubavu, akaigawa vyumba na kuandika uzito wa kila chumba. Aliongea mpaka magharibi. Kelele za injini nne zilivyowafanya waongee kwa vidole. Baridi ya juu, na namna walivyojifunika magunia matupu.

Kisha nikauliza walirudi na nini. Akataja wiski, redio, nguo. Akasema naye alipewa sabuni, akaileta nyumbani, na mama akawagawia majirani usiku ili watu wasiulize ilikotoka. Hapo alisimama. Nami nikanyamaza kama ulivyosema, afande.

Jana nilimsomea ujumbe wa dada wa Masaka. Aliniomba niurudie. Dada, anasema hakumjua kaka yako, lakini anataka uulize utakacho, na atakujibu yale aliyoyaona kwa macho yake. Kurekodi amekubali, mradi wewe uwepo kwenye simu. Dada, utakubali?

Kahawa ya Masaka:
Nitakubali. Dada yangu mkubwa naye atataka kusikia, yuko Kyotera. Nipe mpaka Jumamosi nimfuate. Namba yangu nakutumia faraghani.