Mipaka ya serikali: nianze na Locke au Mill?

Swali: Nataka kusoma maandishi ya msingi kuhusu uhuru wa mtu binafsi. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill, kitabu chake On Liberty cha 1859, sura tano tu. Kanuni iko sura ya 1: mtu mzima azuiwe pale tu anapodhuru wengine. Sura ya 2, juu ya uhuru wa maoni, isome polepole. Ni hazina.

Jibu: Mimi ningetanguliza John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17, na kitabu chake Two Treatises of Government, chenye risala mbili. Ruka risala ya kwanza, inabishana na Robert Filmer, mtetezi wa mamlaka ya wafalme. Ya pili, shika sura ya 9, 11 na 19. Ya 11 ndiyo inayolifunga bunge mikono: lisichukue mali ya mtu bila ridhaa.

Jibu: Ila msiwachanganye. Locke anajenga juu ya haki za asili, yaani haki ambazo mtu anazo kabla ya serikali yoyote. Mill anaukataa msingi huo waziwazi, anasimamia manufaa, yaani kipimo ni kile kinachowafaa watu.