Hekalu la Madurai: la kuabudia au la kutalii?

Msindikizaji: Wakuu, nilimpeleka mama Chennai kwa matibabu. Tukisubiri majibu ya vipimo, nikapanda treni ya usiku hadi Madurai, kusini mwa India, kuona hekalu la mungu wa kike Meenakshi. Minara 14, masanamu ya rangi toka chini hadi kileleni! Simu unaiacha nje, viatu kaunta. Saa sita mchana yale mawe ni kikaango, nilivuka ua nikirukaruka kama kuku. Kufika mlango wa ndani, kibao: wasio Wahindu mwisho hapa. Sijamaliza kusoma, mlinzi kashaninyooshea kidole. Sasa watalii mnawakaribisha, halafu penyewe mnawafungia? Ni haki? NB: viatu nilivikuta salama. Baniani mbaya kiatu chake dawa 😂

Pwani_Moja: Kwani wewe ulifuata kuabudu au kushangaa? Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 1107 na hadi leo watu wanaswali. Nenda kaingie kwa kaptura saa ya swala uone.

BintiWaBondeni: Hiyo methali ya nini hapo? Mimi ndiye huyo Baniani, kizazi cha nne Mombasa. Umeenda nyumba ya Mungu wetu, umetunziwa viatu, shukrani ndiyo "mbaya"?

Msindikizaji: Dada, utani tu. Viatu, kiatu...

BintiWaBondeni: Utani huo nimeusikia tangu darasa la kwanza.

MwalimuMstaafu: Mwanangu, methali hiyo haitukani. Inamsuta anayesema fulani mbaya huku shida zake anazipeleka kwa huyohuyo. Anayechekwa ni msemaji.

Kibaoni: Mwalimu, shikamoo, lakini hapo umechonga. Watoto shuleni hawafundishwi anayechekwa ni nani, wanajaza nafasi iliyoachwa wazi tu.

Pwani_Moja: Basi tufute na za Mswahili, za mgeni, za mke. Tubaki na kamusi tupu.

Mzalendo77: Turudi kwenye mada. Hata Indira Gandhi alizuiwa hapo Madurai, waziri mkuu mzima!

MpigaDebe: Si Madurai, ni hekalu la Jagannath kule Puri, 1984, kwa sababu aliolewa na Mparsi, mtu wa jamii ya dini ya Zoroasta. Na Januari 2024 Mahakama Kuu ya Madras (jina la zamani la Chennai), kesi ya hekalu la Palani, ilisema wasio Wahindu wasipite mlingoti wa bendera wa hekaluni, hekalu si mahali pa pikiniki. Ila mwenye imani na mungu wa hapo anaandikishwa kwenye rejista, anaingia. Je, Msindikizaji alionyeshwa rejista, au alisomwa uso? Accra kuna Waghana Wahindu na hekalu lao. Mmoja wao akifika Madurai?

MgoaMkatoliki: Nijibu mimi. Bibi zangu Goa, mimi Mombasa, rozari ilikuwa mfukoni. Nilipita mlango huohuo, mlinzi hata hakunitazama.

Mzalendo77: Yaani uliingia kwa udanganyifu!

MgoaMkatoliki: Nilidanganya nani? Sikuulizwa.

MpigaDebe: Na kabla ya Julai 1939 mlango huo ulifungiwa Wahindu wenyewe, wale walioitwa najisi. Mpigania uhuru Vaidyanatha Iyer ndiye aliyeingia nao, nusura mji uchafuke.

Kibaoni: Mwalimu hajanijibu.

MwalimuMstaafu: Nakujibu. Nimefundisha miaka 31, hakuna mtoto wangu aliyetoka darasani akimdharau Mhindi kwa methali.

BintiWaBondeni: Mwalimu, kwa heshima zote, wewe ungejuaje? Tulikuwa tunalilia chooni.

MwalimuMstaafu: ...

Pwani_Moja: Basi mwacheni mzee wa watu.

Msindikizaji: Dada Binti, ile methali niliyoitoa kule juu naifuta kauli. Ila bado nataka kujua, wewe huko ndani ushaingia? Kuna nini?

BintiWaBondeni: Sijawahi kufika Madurai. Nauli, kaka. Hekalu letu ni la hapahapa Mombasa, na Mkamba wa getini huwa anaingia kupumzika kwenye kivuli.