Je, idadi ya watu wenye ulemavu Kenya imepungua?

Mwanafunzi wa uzamili, Mombasa: Hamjambo wanajukwaa. Ninaandika tasnifu kuhusu ujumuishwaji wa watu wenye ulemavu katika elimu na ajira. Sensa ya 2009 ilionyesha kuwa wao ni asilimia 3.5 ya Wakenya, ilhali ya 2019 ilionyesha asilimia 2.2. Je, niandike kwamba idadi imepungua?

Mhadhiri wa sosholojia: Usiandike hivyo. Sensa ya 2019 ilikokotoa kiwango hicho kwa watu wa miaka 5 na zaidi, tena kwa maswali ya Kundi la Washington (jopo la Umoja wa Mataifa la takwimu za ulemavu), yanayouliza kama mtu hupata ugumu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, na waliojibu "ugumu kiasi" hawakuhesabiwa. Kipimo ndicho kilichobadilika.

Msaidizi wa utafiti: Naongezea la nyanjani. Huko Kilifi nilimuuliza mama mmoja kama nyumbani kwake kuna mtu mwenye ulemavu, akakana. Nilipouliza kama yupo asiyesikia vizuri, akamwonyesha mwanawe aliyekuwa akifua nazi uani. Neno lenyewe limebeba aibu, na aibu hiyo humfuta mtu kwenye takwimu.

Mwanafunzi wa uzamili, Mombasa: Nashukuru sana, Mwalimu, nawe ndugu. Je, mkuu wa kaya anaweza kujibu kwa niaba ya wote?

Mhadhiri wa sosholojia: Aulizwe mhusika mwenyewe kila inapowezekana, na bajeti yako itenge fedha za mkalimani wa lugha ya ishara tangu mwanzo.