Fidia ya ajali: wakili wetu, bima moja kwa moja, Mahakama ya Madai Madogo au huyu broka wa wodini?

Kaka_wa_Nyayo
Wadau, naomba ushauri wa watu waliopitia haya. Mdogo wangu alikuwa abiria kwenye matatu iliyogongwa na lori Outering Road hapa Nairobi, karibu na Donholm. Paja lilivunjika, akawekewa chuma, na bado anatembea kwa magongo. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma Kariobangi, kazi ya kusimama kutwa, kwa hivyo saa hii hana anachoingiza.

Akiwa bado wodini, kuna mtu alimletea fomu atie sahihi, akamwambia ofisi yao itashughulikia kila kitu na halipi chochote mpaka pesa zitoke. Halafu jamaa wa bima ya lori amepiga simu, anasema wako tayari kulipa haraka tusifike kortini. Shangazi anasisitiza twende Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani kwa sababu kesi za huko hazikai. Mimi nataka wakili tunayemjua, ila naogopa ada. Abstrakti (karatasi ya polisi inayothibitisha ajali) tunayo na P3 (fomu ya polisi inayojazwa na daktari kuhusu majeraha) imejazwa. Ipi inafaa?

MamaZuri_Umoja
Pole sana, na mgonjwa apate nafuu. Hiyo fomu asitie sahihi. Mara nyingi ni karatasi ya kumpa idhini wakili ambaye hujawahi kumwona, na broka analipwa kwa kumletea mteja. Mume wangu alitia sahihi moja kama hiyo akiwa na maumivu makali. Tulipokwenda masjala kuuliza kesi imefika wapi, karani akatuonyesha kwenye faili kwamba ilishamalizwa kwa makubaliano na pesa zimelipwa ofisini kwa wakili. Hakuna aliyetupigia simu. Tuliandika malalamiko, tukafuatilia, mwishowe tukapata sehemu ya pesa. Nisingependa mtu mwingine apitie hayo.

Dereva_Mwiki
Mimi natetea bima moja kwa moja, lakini kwa jeraha dogo. Niligongwa nyuma nikiwa kwenye foleni, shingo ikauma, nikapata dawa na mazoezi, nikapona. Nilipeleka abstrakti, ripoti ya daktari na risiti, tukaelewana bei bila wakili. Tofauti yangu na mdogo wako ni kwamba mimi nilikuwa nimeshapona nilipotia sahihi. Nilijua dai langu limeishia wapi.

KaraniMstaafu
Ndugu, nimekaa masjala za korti miaka mingi na kesi za ajali nimezishika kwa mikono. Hebu tuanze na huyo wa bima.

Kabla ya kulipa watawapa vocha ya kumaliza madai. Isomeni mstari kwa mstari. Kwa kawaida inasema mdai amepokea kiasi fulani na ameachilia madai yake yote, ya sasa na ya baadaye, yanayotokana na ajali hiyo. Sasa angalia paja lenye chuma. Huenda daktari akasema kitolewe baadaye, na huo ni upasuaji mwingine, kitanda kingine, muda mwingine bila kazi. Ukishatia sahihi, gharama hiyo ni yako. Kesi ikienda kortini, matibabu ya baadaye yanaweza kudaiwa mradi yaandikwe kwenye madai na daktari ayakadirie katika ripoti yake. Kwa hivyo kabla daktari hajaandika ripoti kamili, hamna hata msingi wa kujadiliana bei na bima.

Pili, watu wengi hudhani wanaishtaki bima. Anayeshtakiwa ni dereva na mwenye gari. Bima hupewa notisi, na mkishinda, sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inailazimisha kulipa hukumu. Ikikataa, inafunguliwa kesi ya pili dhidi ya bima yenyewe. Halafu bima hiyo ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Kinachozidi anadaiwa mwenye gari.

Mdogo wako alikuwa abiria, hakushika usukani wowote. Washtakini wa lori na wa matatu pamoja, korti igawanye lawama. Mkimshtaki mmoja tu atamtupia mwenzake mzigo, na nimeona abiria akibaki mikono mitupu kwa sababu aliyepatikana na kosa hakuwa kwenye kesi.

Muda: miaka 3 tangu siku ya ajali. Gari likiwa la serikali ni miezi 12 tu. Broka hatakuambia hivyo, na kuna faili zilizokufa kwa sababu mtu alikuwa akingojea "mazungumzo na bima" yaishe.

Kaka_wa_Nyayo
Asante sana mzee wangu. Na ada? Kila ninayemuuliza ananitajia asilimia. Mmoja ametaja thuluthi.

KaraniMstaafu
Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, haitambui makubaliano ya wakili kulipwa akishinda tu. Najua mtaani ndivyo wanavyozungumza, lakini ukikubaliana hivyo kwa mdomo unakosa pa kushikilia siku ya kugawana. Kifungu cha 45 kinaruhusu makubaliano ya ada kwa maandishi yenye sahihi ya mteja. Ombeni hayo. Ulizeni pia gharama ndogondogo nani anazitoa: kufungua kesi, kupeleka samansi, daktari kuja kutoa ushahidi. Wapo mawakili wanaozitanguliza wao halafu wanazikata mwishoni. Hakuna ubaya, mradi imeandikwa.

Halafu ingieni kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, LSK, mtafute jina lake. Wakili hupaswa kuchukua cheti cha kufanya kazi kila mwaka, na hapo mtaona kama anacho. Akikalia pesa zenu, kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na kupeleka lalamiko huko hakuhitaji wakili mwingine.

Wakili_Pangani
Niongeze kuhusu shangazi. Hakukosea kuitaja Mahakama ya Madai Madogo. Ilianza Milimani mwaka 2021, sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia mwenyewe. Kifungu cha 12 cha sheria hiyo kinataja fidia ya majeraha ya mwili. Shida ni mbili. Kikomo chake ni shilingi milioni 1, na ukiamua kupunguza dai lako ili likae huko, kilichozidi umekiacha moja kwa moja. Paja lililovunjika, chuma ndani, kijana wa kazi ya mikono, gharama za baadaye: ukijumlisha yote, mimi singebana dai hilo chini ya milioni moja kabla ya kuona ripoti ya daktari. Shida ya pili ni kwamba majaji wa Mahakama Kuu wamewahi kutofautiana kama kesi za ajali za barabarani ziko ndani ya mamlaka ya mahakama hiyo. Ushinde leo, halafu hukumu iangushwe kwenye rufaa kwa hoja ya mamlaka? Kwa mkono ulioteguka ningesema jaribuni. Kwa hili, nendeni kwa hakimu wa kawaida. Hakimu mkuu anasikiliza madai hadi shilingi milioni 20.

Utingo_MombasaRoad
Kwa wanaosoma na waliumia wakiwa kazini, njia yenu ni tofauti. Mimi nilikuwa kwenye lori la kampuni. Chini ya WIBA, sheria ya 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, mwajiri anapaswa kuripoti ajali, na dai linaanzia kwa mkurugenzi wa usalama kazini, ofisi ziko Safety House, Commercial Street. Hapo hulazimiki kuthibitisha kosa la mtu, inatosha kwamba uliumia ukiwa kazini. Dai lipelekwe ndani ya miezi 12.

MamaZuri_Umoja
Kama pesa hazipo kabisa, mmeuliza Kituo cha Sheria? Wako Nairobi tangu 1973 wakisaidia watu wasiojiweza. Na kuna Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016. Nendeni na karatasi zote muulize kama kesi ya aina hii wanaichukua. Na risiti jamani, hata ya magongo. Pesa mlizotumia haziaminiwi kwa mdomo, kila shilingi inataka karatasi.

Kaka_wa_Nyayo
Nimewaelewa. Fomu ya broka tumeirudisha bila sahihi. Wa bima nimemwambia tutazungumza daktari akishaandika ripoti, na kwamba atazungumza na wakili. Wiki hii tunaonana na mawakili wawili, wote nimewakuta LSK wakiwa na cheti cha mwaka huu. Kuna kitu nifanye nikiwa nangoja?

KaraniMstaafu
Viwili. Toa nakala ya rekodi ya lori na ya matatu kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, sasa hivi, ionyeshe nani alikuwa mwenye gari siku ya ajali, kwa sababu magari huuzwa na jina kwenye abstrakti si lazima liwe la mmiliki. Pia uliza kituo cha polisi kama dereva wa lori ameshtakiwa, na kesi ya trafiki iko korti gani. Akipatikana na hatia na asikate rufaa, hukumu hiyo inatumika kama ushahidi kwenye kesi yenu ya fidia. Mkikuta inatajwa karibuni, mtu mmoja wa familia ahudhurie, aandike nambari ya kesi na tarehe inayofuata, ampe wakili.