Picha ya Askofu Mkuu Laud: mwenye picha aachiwe kuiuza nje ya nchi?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa hoja. Msimamo wangu: serikali izuie picha ya aina hii isitoke nchini, mradi mwenyewe alipwe bei ya soko. Picha ya William Laud, askofu mkuu wa Kanisa la Uingereza karne ya 17, iliyochorwa na Van Dyck, ilikuwa Houghton Hall, jumba la waziri mkuu Robert Walpole huko Norfolk, Uingereza. Mwaka 1779 mjukuu wa Walpole, madeni yakiwa yamemfika shingoni, aliuza mkusanyiko wa babu yake kwa Malkia Catherine wa Urusi: picha zaidi ya 200, kwa takriban pauni 40,000. Laud naye akaenda. Mpaka leo yuko katika jumba la makumbusho la Hermitage, Saint Petersburg.

Wapo wanaosema mali ni ya mwenyewe, serikali isiingilie. Nakubali kwamba Urusi haidaiwi kitu. Ilinunua kihalali na ikalipa. Lawama zangu nazipeleka kwa Bunge la Uingereza. Mwaka 1777 mbunge John Wilkes alisimama bungeni akalitaka linunue mkusanyiko huo na kuujengea ukumbi kwenye bustani ya British Museum. Hakusikilizwa.

Hoja inayoniumiza kichwa ni nyingine: kwa nini kodi ya wananchi igharimie sura ya Laud? Akiwa Askofu Mkuu wa Canterbury, mwaka 1637 alikuwa miongoni mwa waliokaa katika mahakama iliyoamuru Prynne, Bastwick na Burton wakatwe masikio kwa sababu ya maandishi yao dhidi ya maaskofu. Waliomchukia walikuwa na sababu zao. Lakini mtazameni alivyochorwa: joho jeusi, mikono ya vazi mipana myeupe iliyojaa upepo, macho ya mtu asiyezoea kubishiwa. Oktoba 1640 aliingia chumba chake cha kusomea akakuta picha yake iliyokuwa humo imeanguka kifudifudi, kamba imekatika. Aliandika katika shajara yake akimwomba Mungu isiwe ishara mbaya. Kabla mwaka haujaisha Bunge lilikuwa limemshtaki kwa uhaini, na Januari 1645 akakatwa kichwa. Kuitundika ukutani picha ya mtu kama huyu si kumtukuza. Madaraka yakikaa na dini kiti kimoja hufanana hivi, na watu wana haki ya kuyaona usoni.

Tena njia ya kuibakiza picha bila kumdhulumu mwenyewe ipo. Picha ya Omai, kijana wa Polynesia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, aliyechorwa na mchoraji Mwingereza Reynolds, iliuzwa kutoka jumba la Castle Howard, Uingereza, mwaka 2001. Serikali ikakataa kutoa kibali cha kuitoa nchini, na mwaka 2023 makumbusho mawili, National Portrait Gallery ya London na Getty ya Los Angeles, yakainunua kwa pamoja kwa pauni milioni 50, yapokezane kuionyesha. Ilichukua miaka mingi mno, hilo silitetei. Muda wa kumsubiri mnunuzi wa ndani uwekewe kikomo.

Anayepinga anijibu hili tu: kama mwenye picha analipwa bei kamili ya soko, amedhulumiwa nini?